Mwenyekiti Ndani ya Inkubeta

Jumatatu, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Evelina alitoa sahani sita kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea bakteria, akazipanga juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha, akafuta kalipa, rula yake ya taya mbili, kwa pamba yenye spiriti na kuanza kupima. Katikati ya kila sahani palikuwa na kishimo kilichotiwa dawa ya ng'ombe, na kuzunguka kishimo hicho palikuwa na duara angavu ambamo bakteria walishindwa kuota. Duara likiwa pana, dawa ina nguvu. Likiwa dogo, dawa ni maji ya rangi. Duara la kwanza lilikuwa na milimita ishirini na nne. La pili, ishirini na nne. La sita pia, ishirini na nne.

Kwa mujibu wa grafu iliyobandikwa ukutani, milimita ishirini na nne ndicho kipimo cha dawa kamili. Ilikuwa imebaki kuandika tu, lakini Evelina hakuandika. Alifungua kurasa za nyuma za daftari na kuhesabu. Tangu mwezi wa nne maabara ilikuwa imepima dawa ishirini na saba za mifugo na hakuna hata moja iliyoshindwa. Mwaka uliotangulia, katika kila dawa kumi, mbili zilishindwa. Evelina alikuwa na miaka kumi na moja katika kazi hii, na hakuamini kwamba watengenezaji wa dawa wanaweza kuokoka wote kwa mkupuo.

Maabara yenyewe ilikuwa ya mtu binafsi, ghorofa ya pili, Igogo, juu ya stoo ya nyavu. Ilikuwa na mkuu wake, Bwana Chenge. Ilikuwa na Evelina, mchambuzi. Na ilikuwa na Sabina, aliyeosha vyombo na kupika media. Media ni chakula cha kuoteshea bakteria: supu yenye dondoo la nyama na chumvichumvi, iliyogandishwa kwa agari. Huja ikiwa unga ndani ya kopo. Makopo hayafanani, na hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi. Media ikiwa na magnesiamu na kalsiamu nyingi, madini hayo huishika dawa ya aina ya OTC, sindano ya kuua bakteria kwa mifugo, isisambae, na duara husinyaa. Yakiwa machache, dawa husafiri mbali na duara huvimba, ingawa nguvu ya dawa haijaongezeka hata kidogo. Ndiyo maana utaratibu unataka kila sahani iwe na vishimo viwili: kimoja cha dawa inayopimwa, kingine cha dawa sanifu ambayo nguvu yake inajulikana, ili zote mbili zihukumiwe juu ya media ileile.

Dawa sanifu ilikuwa imeisha mwezi wa tatu. Bwana Chenge aliagiza nyingine, na wakati ikisubiriwa aliamua kwamba grafu ya zamani inatosha. Mwezi wa nne kopo la zamani la media likaisha pia, likaja jipya. Grafu ilibaki ukutani.

"Sabina, kopo hili lililetwa na nani?"

"Si lilikuja na gari la sampuli."

"Gari la nani?"

"Dada Evelina, mimi napokea na kusaini. Nikianza kuuliza gari la nani, vyombo nitaosha saa ngapi?" Sabina aliligeuza kopo na kuligonga kwenye kitako. "Halafu limeisha. Limebaki la sahani nne. Jingine wamesema Ijumaa."

"Wamesema kina nani?"

"Hao hao wa gari."

Gari la sampuli lilikuwa la kampuni iliyoingiza OTC ambayo Evelina alikuwa ametoka kuipima. Alilijua hilo kabla ya kuuliza, lakini alipenda lisemwe na mtu mwingine. Katika ghala la kampuni hiyo chupa elfu nne zilikuwa zinasubiri cheti. Cheti kilihitaji saini mbili, ya Chenge na ya kwake.

Saa nne aliingia mfugaji kutoka Kayenze, jina lake Luhaga, mtu wa miaka sitini hivi, amebeba ndoo ya rangi yenye mfuniko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu," alijibu kama amwitaye mama. "Hapa ndipo mnapopima dawa?"

"Ndipo."

"Basi mimi nimeleta aliyepimiwa."

Ndani ya ndoo kulikuwa na nyama ya paja kama kilo mbili, figo moja, chupa tupu ya OTC na sikio lenye hereni ya njano ya usajili wa mifugo. Ng'ombe huyo aliitwa Mwenyekiti kwa sababu wenzake hawakuanza kula mpaka yeye alale chini. Alipatwa na ndigana baridi, ugonjwa unaoletwa na kupe. Mtaalamu wa mifugo wa kata aliandika sindano tano kwa siku tano, na Luhaga alisimamia zote mwenyewe. Mwenyekiti alikufa Jumapili alfajiri, siku ya sita.

"Mzoga tumeuzika," alisema Luhaga. "Mtaalamu alisimama pale mpaka udongo wa mwisho. Hii niliiomba. Nikamwambia, wewe unaniambia dawa ni nzima, ina stika ya kijani ya kupimwa. Kama dawa ni nzima, basi ng'ombe wangu ndiye wa bandia, ngoja nikampime."

"Amebaki na wenzake wangapi?"

"Kumi na mmoja. Watatu macho yameanza kuwa manjano. Nauliza jambo moja tu. Nikanunue hiyohiyo?"

Maabara haikupokea nyama. Evelina aliipokea. Aliichukua pia chupa tupu na kutafuta namba yake ya toleo kwenye jalada la vyeti. Ilikuwemo. Ilikuwa imepita mwezi wa sita, milimita ishirini na nne, saini mbili. Ya pili ilikuwa yake, yenye mkia mrefu wa herufi ya mwisho ambao mwalimu wake wa shule ya msingi aliwahi kuuchapia fimbo.

"Rudi Alhamisi, mzee," alisema. "Mpaka hapo usinunue."

Kwanza alikata kipande cha figo mbichi na kukilaza juu ya sahani moja kati ya nne zilizobaki. Figo huhifadhi dawa. La mnyama aliyechomwa sindano tano lilipaswa kuwafukuza bakteria pande zote. Kisha alishusha kabatini kitabu chenye umri mkubwa kuliko wake, cha enzi ambazo media zilipikwa kwa nyama halisi, akamsomea Sabina: nusu kilo ya nyama isiyo na mafuta kwa lita moja ya maji yaliyosafishwa, ilale kwenye friji, ichemshwe, ichujwe kwa kitambaa cha chachi, iongezwe peptoni na chumvi, irekebishwe uchachu, igandishwe kwa agari.

"Hiyo ni supu," alisema Sabina.

"Ni supu yenye kumbukumbu za maandishi."

Jumanne walipika. Kwenye fomu ya media kulikuwa na sehemu ya kuandika namba ya toleo la kopo. Evelina aliandika namba ya hereni. Dawa sanifu haikuwepo, lakini stoo kulikuwa na sampuli ya akiba ya OTC iliyopimwa mwaka juzi, wakati dawa sanifu ilikuwa bado inatumika, na tarehe yake ya mwisho ilikuwa haijafika. Sahani za nyama zilikuwa sita: mbili alizitia dawa hiyo ya akiba, mbili dawa mpya ya ghalani, mbili hakuzitia kitu. Sahani tatu za kopo zilizosalia alizigawa hivyohivyo, mojamoja. Zote akaziingiza kwenye inkubeta, nyuzi joto thelathini na saba.

Jumatano asubuhi Sabina alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya kupigia deki.

"Kuna ng'ombe," alisema.

"Wapi?"

"Rafu ya pili."

Evelina alifungua inkubeta. Sahani za nyama zisizo na dawa zilikuwa zinacheua, polepole, kwa sauti ya majani mabichi yanayosagwa. Zenye dawa ya akiba zilikuwa kimya. Mbili zenye dawa mpya zililia, mlio mrefu wa kifuani, kwanza moja halafu ya pili, kama ng'ombe aliyefungwa mbali na ndama. Mvuke kwenye vifuniko ulinuka zizi.

Evelina hakuandika chochote mpaka alipohakikisha. Alimwomba Sabina afunike namba za sahani kwa karatasi na kuzichanganya huku yeye akiwa amegeukia ukuta. Walirudia mara kumi. Mara zote kumi zililia zilezile mbili. Ndipo akachukua kalipa. Juu ya media ya nyama, dawa ya akiba ilikuwa na duara la milimita ishirini na nne, sawasawa na grafu. Dawa mpya, kumi na saba. Juu ya media ya kopo, dawa mpya ilikuwa ishirini na nne kama kawaida, lakini ile ya akiba ilikuwa thelathini. Kopo lilikuwa linavimbisha kila kitu. Alikokotoa mara mbili, na mara zote alipata jibu moja: chupa za ghalani zilikuwa na theluthi moja ya nguvu iliyoandikwa kwenye lebo. Kwenye sahani ya figo, bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa nyama, wamebanana kama zulia. Ng'ombe alikuwa amechomwa sindano tano za karibu maji.

Bwana Chenge alifika saa tatu. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono, na hakuwahi kumfokea mtu. Alisimama mbele ya inkubeta, akasikiliza mlio mmoja mpaka ukaisha.

"Hii mashine inahitaji fundi," alisema.

Aliitwa Masele, fundi wa mafriji wa mtaa wa nyuma. Alifungua mgongo wa inkubeta, akagusa waya, akapima joto, akalaza sikio kwenye bati kwa dakika nzima.

"Mashine haina tatizo, bosi. Huyo mtamba wako ndiye ana shida."

"Andika ulichokiona kwenye mashine."

Masele aliandika kwenye kadi ya matengenezo: *Mashine nzima. Ng'ombe mmoja.* Akasaini na kuondoka.

Alhamisi Chenge alimwita Evelina ofisini. Cheti kilikuwa mezani, saini moja tayari, na kalamu imelazwa kando ikimwelekea yeye. Evelina aliweka juu yake karatasi ya vipimo.

Chenge aliisoma yote, bila haraka. "Kazi nzuri," alisema. "Kazi safi sana. Lakini njia iliyoidhinishwa ni media ya kopo."

"Njia iliyoidhinishwa ni media yoyote, bora dawa sanifu iwe kwenye sahani ileile."

"Na wewe umeweka dawa sanifu?"

"Nimeweka ya akiba, iliyolinganishwa nayo."

"Kwa hiyo hujaweka."

"Wewe pia hujaweka, bosi. Tangu mwezi wa tatu."

Kutoka chumba cha pili Mwenyekiti alilia. Chenge alisubiri amalize, kama mtu anayempa mwenzake nafasi kikaoni.

"Figo je?" aliuliza Evelina.

"Figo si sampuli. Na media yako, dada Evelina, haina namba ya toleo."

"Inayo. Nimeandika namba ya hereni. Ni namba ya serikali."

Chenge alivua miwani. "Hereni ni ya ng'ombe hai. Akifa inarudishwa." Alichukua fomu ya vipimo na kupitisha kidole kwenye vichwa vyake, kimoja kimoja: rangi, uangavu, uchachu, kipenyo. "Nionyeshe hapa palipoandikwa mlio."

Hapakuwa na mahali hapo.

"Kopo la media ni la nani, bosi?"

"La maabara."

"Lililetwa na nani?"

"Lililetwa na gari," alisema Chenge kwa upole, akavaa miwani.

Evelina hakusaini. Alirudisha kalamu ikiwa imeelekea upande wa pili. Chenge hakukasirika. Alifungua droo, akatoa jalada la utumishi la Evelina na kumkumbusha kwamba likizo ya mwaka jana alikuwa hajaichukua, na kwamba sheria ya kazi hairuhusu mtu alimbikize. Siku kumi na nne, kuanzia kesho.

Luhaga alikuwa amefika kama alivyoagizwa, ameketi kwenye benchi la korido. Mlio ulipotoka tena aliinuka, akaingia maabara bila kuvua viatu, akafungua inkubeta mwenyewe. Aliangalia sahani kwa muda, kisha akapiga mluzi mfupi wa sauti mbili. Sahani zililia kidogo, zikaanza kucheua na zenyewe.

"Ndiye," alisema. "Mnampa magadi?"

"Hapana," alisema Sabina.

"Kidogo tu asubuhi. Ukimchelewesha analia mpaka majirani wanakuja."

Evelina alimwambia alichokipima, na alichokataa kusaini. Alimwambia kwa namba, kwa sababu namba ndizo alizokuwa nazo. Luhaga alisikiliza huku mkono wake ukiwa umelala juu ya bati la inkubeta.

"Kwa hiyo hazitatoka ghalani."

"Bila saini yangu hazipaswi kutoka."

"Hazipaswi," alirudia Luhaga, akafunika ndoo yake tupu.

Siku kumi na nne Evelina alikaa nyumbani kwake Kiseke. Aliosha mapazia, akapima uchachu wa maji ya bomba kwa karatasi alizokuwa nazo nyumbani, akaandika barua tatu kwa ofisi tatu zinazohusika na dawa. Ya kwanza ilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili ilijibiwa kwamba iambatanishwe na fomu ya vipimo iliyosainiwa na mkuu wa maabara. Ya tatu haikujibiwa. Siku ya kumi aliingia duka la dawa za mifugo karibu na kwake, akaona kwenye rafu OTC ya toleo lile la ghalani. Ilikuwa na stika ya kijani. Aliomba kuiona, akaisoma lebo yote, akairudisha mahali pake huku mwenye duka akimtazama kwa mashaka.

Aliporudi kazini jalada la vyeti lilikuwa na cheti kimoja zaidi. Vipimo vilikuwa vimerudiwa Ijumaa ile, kwa kopo jipya: milimita ishirini na nne. Saini ya kwanza ilikuwa ya Chenge. Ya pili ilikuwa ya Chenge pia, na mbele yake maneno *kwa niaba*.

Mwenyekiti alikuwa bado rafu ya pili. Sabina alieleza kwamba bosi aliagiza sahani zichemshwe kwenye chungu cha mvuke zitupwe, lakini zilipoingizwa tu zililia mpaka wauza nyavu wa chini wakapanda kuuliza kama maabara imeanza kuchinja, na ilikuwa siku ya wakaguzi wa moto. Zilirudishwa. Sasa kulikuwa na ratiba imebandikwa mlangoni: magadi, saa mbili kamili, Sabina; Jumamosi, mlinzi. Chenge mwenyewe alikuwa ameongeza kwa mkono: *Zisikae karibu na sampuli za wateja.*

Alhamisi Luhaga alikuja, kama alivyokuwa akija kila Alhamisi tangu Evelina aondoke. Alipiga mluzi wake, akaketi. Kisha akatoa mfukoni mwa koti chupa ya OTC.

"Mayu, wale watatu, wawili wamekwenda. Wa tatu ni ndama wake huyu." Alielekeza kidevu kwenye inkubeta. "Amesimama bado, lakini hali majani. Dukani hakuna nyingine. Nimekwenda Buswelu, nimekwenda Igoma, nimevuka mpaka Kisesa. Ni hii tu, kila mahali. Nisomee."

Evelina aliigeuza. Namba ya toleo ilikuwa ileile ya ghalani. Kabla hajasema neno, sahani zililia, zote mbili kwa pamoja.

"Amesoma," alisema Luhaga. "Sasa sema wewe."

Evelina alitazama mlango wa ofisi. Ulikuwa umefungwa. Alichukua kipande cha karatasi, akaandika uzito wa ndama kama Luhaga alivyokadiria, akaandika kipimo cha lebo, akakizidisha. Alipiga mstari chini ya jibu mara mbili, kama alivyofundishwa.

"Mchome mara tatu ya kilichoandikwa kwenye chupa," alisema kwa sauti ya chini. "Sehemu tofauti za shingo, siku tano. Nguvu yake ni theluthi. Tatu zinafanya moja."

Luhaga aliitazama karatasi, akaikunja, akaitia ndani ya kofia.

"Na wenzangu wa Kayenze?"

Evelina alitazama tena mlango wa ofisi.

"Basi nitawaambia mimi," alisema Luhaga. "Mimi si maabara." Akapiga mluzi wa kuaga, akaondoka.

Ndama alipona. Evelina aliandika habari hiyo kwenye daftari lake mwenyewe, si la maabara, pamoja na tarehe. Mwezi uliofuata alisikia kwamba Kayenze nzima inachoma mara tatu, na baada yake Igombe, na baada yake vijiji vya Magu ambavyo Luhaga hakuwahi kufika. Waliotumia chupa moja walitumia tatu. Hesabu ilikuwa sahihi na ng'ombe waliacha kufa.

Mwishoni mwa mwaka kampuni ilituma barua. Ililetwa na gari la sampuli, pamoja na kopo jipya la media. Ilisema kwamba mahitaji ya OTC katika wilaya za kandokando ya ziwa yameongezeka mara tatu, jambo linaloonyesha imani ya wafugaji katika dawa iliyopimwa, na kwamba kampuni inaishukuru maabara na italeta chupa elfu kumi na mbili. Bwana Chenge aliibandika ukutani, kando ya grafu, akaisawazisha kwa kiganja.

Kesho yake saa mbili kamili Sabina alimpa Mwenyekiti magadi. Saa mbili na dakika ishirini Evelina alizipanga juu ya kitambaa cheusi sahani sita za kopo jipya, zenye dawa ya shehena mpya, akafuta kalipa, akapima. Ishirini na nne. Nyuma yake, rafu ya pili, mlio mmoja mrefu. Alisubiri uishe, akapima duara la pili.